Gari Lililodai Mikono

Asubuhi kwenye basi nilikaa nyuma ya watu wawili: mzee mmoja aliyekuwa dereva wa kampuni, na dada fundi cherehani mwenye gauni la mteja mapajani. Hawakuwa wakijuana, lakini mzee alikuwa na furaha isiyochagua msikilizaji.

"Dada, jana nilijua kazi imekwisha. Bosi kaleta lile gari la umeme alilolitangaza tangu mwanzo wa mwezi, eti linajiendesha. Tukaenda kulijaribu."

"Likajiendesha kweli?"

"Kabisa! Linafuata mstari, likiona lori mbele linapunguza mwendo lenyewe, kimya kama paka. Nikasema basi, miaka ishirini na sita ndiyo hiyo imeyeyuka. Nikaachia usukani, nikakunja mikono kifuani. Hatujafika mbali, likaanza kelele: shika usukani, shika usukani!" Alicheka mpaka akafuta macho. "Bosi akashtuka kuliko mimi. Akasema, kumbe bado tunakuhitaji."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Hongera, mzee wangu. Ila hata mtoto anayejifunza kutembea hulilia kushikwa mkono. Mwaka ujao je?"

"Usinitie uchuro! Mke wangu jana kalala usingizi wa kukoroma, mara ya kwanza mwezi huu."

"Mimi nasema tu."

Wanaosema tu huwa hawajamaliza. Lakini tulikuwa tumefika kituoni, na basi likafunga breki. Mguu wa mzee ulikuwa umeshakanyaga sakafu, kana kwamba pana breki, kabla dereva wa basi hajakanyaga yake.