Edmond Sikuli, Dereva Aliyekataa Kuapa (1936–2001)

Ndugu wa Mususa, wakwe zetu wa Beni, na ninyi wazee mlioshuka kutoka Masereka: mmefika kumsindikiza mtu ambaye kila mmoja wenu alimjua kwa namna yake. Hii ndiyo safari ya Edmond Sikuli, kama familia yake inavyoikumbuka.

Alizaliwa Masereka tarehe 14 Mei 1936. Baba yake, mzee Ésaïe, alikuwa katekista wa kijiji. Mama yake, Sikitu, alilima viazi na vitunguu, na ndiye aliyempa kicheko kile kilichosikika kutoka ng'ambo ya bonde.

Alianza shule kwa mapadri, akawa wa kwanza katika katekisimu, na mwaka 1950 akapelekwa seminari ndogo. Baba yake alianza kutembea kifua mbele, maana padri alikuwa njiani. Lakini Julai 1956 Edmond alirudi nyumbani na sanduku lake kichwani.

“Nani alikukosea?” baba akauliza.

“Hapana mutu, tata. Bapadri balinitendea muzuri. Ile imani nimeitafuta ndani yangu, nikaikosa. Sasa nikivaa kanzu nitakuwa mutu wa bongo, wa kudanganya batu.”

Kijiji hakikukubali kwamba mambo yanaweza kuwa mepesi hivyo. Wengine walisema amelogwa. Wengine walisema ni vitabu vya Wazungu, au kuna msichana. Mama yake aliona ni homa, akamchemshia majani machungu. Edmond akayanywa yote, akamshukuru. Mzee Ésaïe hakuchemsha kitu. Alinyamaza tu, na kimya chake kikadumu miaka minane. Edmond alisema baadaye kwamba majani yalikuwa matamu kuliko kimya kile.

Mwaka 1958 alijifunza kuendesha lori, akaenda kuomba kazi Beni kwa mzee Nassoro, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na malori mawili. Nassoro alikuwa amekwisha kusikia habari zake.

“Wewe hauna Mungu. Nini itakuzuia kuiba?”

“Patron, tuseme leo Mungu amelala. Utaniibia?”

“Mungu halali.”

“Alale mara moja tu. Utaniibia?”

Nassoro akafikiri. “Hapana.”

“Mimi pia hapana.”

Akapewa funguo siku ileile.

Abiria ndio waliochelewa kumwamini. Malori ya wengine yalikuwa yameandikwa sifa za Mungu mbele na nyuma, na lile la Edmond halikuwa na herufi hata moja. Akina mama wa vitunguu waliliogopa, wakisema litaanguka bondeni na wote waliomo. Uhuru ulikuja Juni 1960, watu wakacheza barabarani, na madereva wakaendesha kama waliopewa barabara wenyewe. Malori kadhaa yalianguka. Lile la Edmond halikuanguka. Ndipo mama mmoja wa Butembo akawaambia wenzake sokoni: “Bale benye kuwa na Mungu banakimbiza sana, juu banajua atabashika. Huyu hana wa kumushika, njo maana anakanyaga freni.” Tangu siku hiyo, mtu aliyetaka nafasi kwa Edmond alilazimika kuwahi.

Mwaka 1964 waasi waliteka Butembo na Beni. Walimlazimisha Edmond kuwabebea mizigo, wakataka kumnyunyizia maji ya dawa ili risasi isimwingie. Akawaambia kwa heshima kwamba haamini dawa hiyo inaweza kitu, na kwamba afadhali maji hayo yaingie kwenye rejeta ya lori. Walimpiga makofi, wakamwacha, maana hawakuwa na dereva mwingine.

Wakati huo makatekista walikuwa wakisakwa na waasi. Edmond akapanda Masereka na lori, akamkuta baba yake amejificha shambani. Hawakuwa wamesemezana tangu 1956, na hata siku hiyo hawakusema mengi.

“Panda, tata.”

“Tunaenda wapi?”

“Kwa Waislamu.”

Mzee Ésaïe akalala chini ya magunia ya viazi mpaka Beni. Nassoro alimpokea, akamvika kanzu na kofia, akamketisha dukani kama mjomba aliyetoka mbali. Kwa majuma mengi katekista wa Masereka aliuza chumvi na vitambaa, rozari ikiwa mfukoni, na waasi wakimwamkia “asalamu alekumu”. Hata uzeeni, akisimulia habari hiyo, alikuwa akifuta machozi ya kucheka.

Jeshi la serikali liliporudi, hatari ikageuka upande. Mtu fulani alimshitaki Edmond: hana dini, basi ni mkomunisti, basi ni mwasi. Akafikishwa mbele ya luteni, na kati ya waliokuwa wameshitakiwa kabla yake, wengine hawakurudi. Luteni alikuwa amechoka. Akamwekea Biblia mezani.

“Weka mukono, apa kwamba hauko muasi, uende kwako.”

“Muasi siko, mon lieutenant. Lakini kitabu hiki siamini. Nikiapa juu yake, nitakuwa nimeanza na bongo, na wewe hautajua bongo inaishia wapi.”

Askari mmoja akamshika mkono Edmond ili amtoe nje. Mzee Ésaïe, ambaye alikuwa amekuja na Nassoro, akasimama nyuma ya chumba, bado na kofia ya Nassoro kichwani.

“Mon lieutenant, mimi ni katekista. Huyu ni mutoto yangu. Nilimufundisha amri zote kumi. Ya kwanza alinirudishia. Ya kukataza bongo aliishika kunishinda mimi mwenyewe. Kama amesema hayuko muasi, hayuko.”

Luteni akamtazama katekista mwenye kofia ya Kiislamu, akamtazama mwanawe asiye na dini, akafunga Biblia. “Muondoke bote,” akasema. Nje, baba akamwomba mwanawe sigara, na kimya cha miaka minane kikaishia hapo.

Tarehe 16 Aprili 1966 Edmond alimwoa Kavira Mariette, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Mama mkwe aliogopa kwamba wajukuu watazaliwa wakilia kwa sauti ya shetani. Walizaliwa wakilia kama watoto wengine. Kila Jumapili Edmond alimpeleka Mariette kanisani, akabaki nje ameegemea lori, kwa sababu nyimbo alizipenda kwelikweli. Siku moja mvua ikamwingiza ndani. Padri akamwambia, “Edmond, leo Mungu amekukamata.” Akajibu, “Hapana, padri, ni mvua.” Akaimba besi mpaka mwisho wa misa.

Huko Beni alikuwa na rafiki, mwalimu Apollinaire, ambaye naye haamini Mungu. Watu walidhani wawili hao ni chama kimoja. Kumbe walikutana ili kugombana. Apollinaire alitaka kila kanisa ligeuzwe shule. Edmond akamwuliza kwaya itaimba wapi. Apollinaire hasalimiani na padri, lakini bundi akilia juu ya paa hatoki nje mpaka kuche. Mariette alikuwa akisema: “Banasema benye hawaamini bote ni bamoja. Mimi niko na bawili tu, na hawapatane.”

Aliacha usukani mwaka 1998, askari wa vita vipya walipochukua lori. Mwaka uliopita figo zilianza kumsumbua. Wengi wameuliza kama mwishoni aligeuka. Hakugeuka, na hakuogopa. Padri alikuja kumtazama, wakaongea juu ya bei ya viazi. Siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 2001, nyumbani hapa Mususa, Butembo, Mariette alikuwa akisali rozari kando ya kitanda. Akasita, akamwuliza kama inamsumbua.

“Endelea,” Edmond akasema. “Maneno ni yako. Sauti yako njo yangu.”

Akafariki kabla rozari haijaisha.

Ameacha mjane, Kavira Mariette. Binti yake Adèle, muuguzi, ambaye akiulizwa kuhusu Mungu husema bado anatazama. Mwanawe Kasika, anayesali kwa sauti mpaka majirani wanajua shida zake zote. Mjukuu wake Léa, anayejitayarisha kuwa mtawa. Na Apollinaire, aliyefika leo kutoka Beni na kumpa padri mkono.

Watakaoomba, waombe. Watoto wa Nassoro wamekuja na dua yao, waisome. Asiye na la kusema anyamaze nasi. Edmond asingemkatalia hata mmoja.

Apumzike kwa amani, mume wa Mariette, mwana wa Ésaïe.