Tulidhani Anamwiga Fundi

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Mgongo uguse kiti, nyayo zote mbili chini, mabega yaacheni yashuke. Hivyo ndivyo alivyonisalimia kila mara mtu ninayemkumbuka leo. Mambo ya hujambo na habari za nyumbani hakuwa nayo. "Kaa vizuri, mtangazaji!" Ndiyo salamu yenyewe.

Mzee Wima amefariki. Narudia, maana ulimi wangu bado unakataa: Mzee Wima, tabibu wa mgongo, amefariki Jumanne asubuhi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Jumapili alikuwa juu ya ngazi, anapaka rangi ukuta wa nyumba yake huku anapiga mluzi. Jumanne hayupo. Mnanielewa? Hayupo!

Kwa msiomjua, kazi yake ilikuwa kunyoosha migongo kwa mikono, bila sindano wala kisu. Alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la viatu. Kitanda kirefu chenye tundu la kuwekea uso, pazia, benchi la kusubiria, na kioo kikubwa kutoka sakafuni hadi juu.

Nilipanda ngazi zile miaka sita iliyopita, kiuno kinawaka moto. Hakunilaza. Alinivua viatu akavigeuza. "Soli ya kulia imekwisha, ya kushoto bado mpya," akasema. "Unainamia maikrofoni kwa upande mmoja. Misuli ya huku imekaza, ya kule imelala usingizi. Kiuno kinabeba lawama za watu wengine."

Halafu akaniiga. Alisimama mbele ya kioo, akachomoza kidevu, akapandisha bega moja, akawa mimi mtupu. Benchi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, maana nilijiona. "Mtu akijicheka atajirekebisha," aliniambia. "Ukimkaripia atanuna tu, na mgongo ubaki vile vile."

Alimwiga kila mtu. Lakini aliyempatia hasa alikuwa fundi cherehani, mgonjwa wake wa miaka mingi. Mkono kiunoni, mgongo umepinda, uso umekunjamana, na ule mguno wake: "Uuuh!" Fundi mwenyewe alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Na mkewe Mzee Wima aliniambia, "Mimi niliolewa na watu mia. Jioni mlango ukifunguliwa, sijui leo anaingia nani."

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Alilibandika ukutani kwa herufi kubwa: maumivu ya mgongo yakija ghafla, yasibadilike hata ukijigeuza, na jasho la baridi likakutoka, usije hapa, kimbia hospitali. "Huyo si mgonjwa wangu," alikuwa akisema. "Huyo anahitaji gari, tena sasa hivi."

Sasa Jumanne. Saa tatu asubuhi. Tulikuwa watano kwenye benchi, fundi yumo, nami nimo. Mzee Wima alitoka kunawa, taulo begani. Akafika mbele ya kioo, akasimama. Mkono ukaenda kiunoni. Mgongo ukapinda. Uso ukakunjamana. "Uuuh!"

Tukacheka. Wasikilizaji wapendwa, tulicheka.

"Leo umenipatia kweli kweli, mzee!" fundi akasema, akapiga makofi. Mzee Wima akainua kiganja, kama anayesema ngojeni. Tukazidi kucheka. Ndipo nikaiona shingo yake. Ilikuwa imelowa jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Akapiga magoti, akaanguka kwa ubavu. Mikono ya fundi ilibaki hewani.

Ulikuwa mshipa mkubwa wa damu, ule unaopita nyuma ya tumbo. Ulipasuka. Daktari alituambia kwamba hata tungemkimbiza sekunde ile ile, pengine asingefika. Pengine. Siku ya nne leo, neno hilo halinipi usingizi.

Msibani nimesikia watu wakisema mganga hajigangi. Jamani, methali hiyo niacheni nayo mbali. Alijua. Alijua kuliko sisi sote, na alikuwa anatuambia. Sisi tulikuwa na kazi ya kucheka.

Tulikwenda kwa mkewe, mimi na fundi. Nilianza mimi kusema. "Mama, tulicheka. Tulidhani anaiga."

 Akauliza, "Mlidhani anamwiga nani?"

"Mimi, mama," fundi akajibu.

Mama yule akamshika mkono. "Hata mimi ningecheka, mwanangu," akasema. Halafu akanigeukia. "Wewe unasikika na wengi. Kawaambie, wasije wakamcheka mwingine."

Basi nimewaambia. Kwa mama, kwa watoto na kwa ndugu wote, poleni sana, pokeeni rambirambi zetu. Nasi tuliobaki, tukimwona mtu ameshika kiuno, hata awe bingwa wa mizaha, tumuulize kwanza. Kicheko kinaweza kusubiri.

Limebaki moja. Kicheko changu mnakijua, kila asubuhi mnakisikia hapa. Jumanne ile, aliyeanza kucheka hakuwa fundi. Nilikuwa mimi, na wengine wakanifuata. Mama, najua unasikiliza. Hilo sikukuambia siku ile. Nakuambia sasa.