Mama Breki na Mashine Namba Tatu

Ijumaa tarehe thelathini, saa kumi jioni, msimamizi wetu wa ukumbi wa mashine atavua aproni yake ya buluu na kuitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kuchapa vitabu katika kiwanda hiki. Wakurugenzi sita wamekuja na kuondoka katika muda huo. Msumari ni ule ule.

Alianza akiwa mkunjaji, kwenye ile meza ndefu ambako karatasi zilizochapwa hukunjwa kwa mkono kabla ya kushonwa. Akahamia kwenye kisu cha kukatia, kisha kwenye mashine, na mwaka wa kumi na tano akakabidhiwa funguo za ukumbi mzima. Mkubwa mmoja alisema wakati ule kwamba mwanamke hataweza kuwatuliza wachapaji. Alisema kweli. Hakuwatuliza, aliwaendesha.

Jina la Mama Breki alipewa na wachapaji wenyewe, na siku hizo halikuwa sifa. Kila mashine ikianza kazi mpya, alidai isimamishwe, karatasi ya kwanza itolewe, igeuzwe pande zote mbili na kupelekwa dawati la prufu kukaguliwa makosa. Dakika saba. Wachapaji walizilalamikia dakika hizo kana kwamba wanang'olewa meno.

Sasa niseme jambo ambalo hotuba za kuagana huwa zinalizunguka. Katika ofisi nyingi, mtu mwenye uchu wa kazi hutendewa kwa njia mbili, na zote ni za kijinga. Kuna wanaomtwika mzigo wa watu watatu na kumpigia makofi mpaka aanguke, kisha wanauliza kwa mshangao imekuwaje. Na kuna wanaomwogopa, wakamtupa kona ya mbali na kueneza habari kwamba ana kiherehere. Wote hao hujiita viongozi, na wengine wana vyeti ukutani. Mama Breki hana cheti ukutani. Ana Turbo.

Turbo, kwa wageni wa jarida hili, ni yule dada wa mashine namba tatu aliyejiunga nasi miaka tisa iliyopita. Alikuwa anafika saa moja kabla ya zamu, anakula amesimama, na kila jioni anaandika kwa chaki ubaoni idadi ya karatasi alizochapa, kwa tarakimu kubwa kuliko za wenzake. Wenzake aliwaita abiria. Meneja wa wakati huo alifurahi mno, akabandika picha yake mlangoni. Mama Breki aliitazama ile picha, akasema msichana huyu atatuletea ushindi mkubwa au hasara kubwa, na kwamba itategemea sisi kuliko yeye.

Hasara ilitangulia. Tulikuwa tunachapa kitabu cha sayansi cha darasa la tano, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku kumi na moja. Siku hiyo Mama Breki alikuwa amekwenda kupokea shehena ya karatasi. Turbo alikuwa anakaribia kuvunja rekodi ya ukumbi, na dakika saba za karatasi ya kwanza zingemnyima. Akaziruka. Bamba la kuchapia upande wa pili lilikuwa limefungwa kichwa chini, miguu juu. Karatasi elfu kumi na nane zikatoka hivyo: mtoto anasoma ukurasa vizuri, akifunua unaofuata inabidi apinduke yeye au akipindue kitabu.

Meneja aliita kikao na kutaka barua ya kumfukuza iandikwe kabla ya chakula cha mchana. Picha ya mlangoni ilikuwa imekwisha kubanduliwa. Sisi wa dawati la prufu tulimuunga mkono meneja, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye anayeandika haya. Mama Breki alisubiri tumalize.

"Andika barua mbili," akamwambia meneja. "Ya pili iwe yangu. Mimi ndiye niliyemwacha akimbie peke yake."

Meneja aliiweka kalamu mezani, kisha akampa siku kumi na moja. Vitabu visipofika shuleni, barua zote mbili zingetoka.

Turbo alikutwa stoo, anakusanya spana zake. Hakulia. Aliomba apewe zamu mbili kwa siku, afidie kila karatasi mwenyewe, hata kama atalala kwenye mashine. Ndivyo watu wa namna yake wanavyotubu, na hapo ndipo mameneja wengi wangesema ndiyo.

"Hilo ndilo ninalokunyima, mwanangu," akasema Mama Breki, akampeleka kwenye meza ya kukunja.

Mashine namba tatu akapewa msaidizi wa Turbo, ambaye kumbe kwa miaka miwili hakuwahi kuachiwa hata kwa saa moja. Alizichapa upya zile karatasi elfu kumi na nane bila haraka wala makosa, dakika saba zikiwemo.

Mezani, Turbo alianza mashindano siku ile ile. Bibi wa gundi, mkongwe wa meza ile, alimuuliza kama na chai huwa anainywa kwa rekodi. Siku ya tatu Turbo aliona viganja vya wakunjaji: vyeusi mpaka kwenye kucha. Akauliza ni nini. Wakamjibu kwamba ni wino wake. Karatasi za namba tatu zilikuwa zinatoka kwa kasi bila kupewa nafasi ya kukauka, na kila jioni wao walikuwa wanasugua mikono kwa mafuta ya taa kabla ya kwenda kuwashika watoto wao. Meza nzima ikamcheka, si kwa ubaya. Yeye hakucheka.

Jioni hiyo Mama Breki alimuuliza anataka nini hasa katika kazi hii. Akajibu, kuwa wa kwanza.

"Wa kwanza kufika wapi?"

Jibu la Turbo lilikuja kesho yake asubuhi, alipofuta ubao wote kwa kitambaa chenye maji na kuandika upya. Tangu siku hiyo hatuhesabu karatasi zinazotoka kwenye mashine. Tunahesabu vitabu vilivyotoka mlangoni, na namba ni moja, ya ukumbi wote. Vitabu vya sayansi vilifika shuleni siku moja kabla ya kengele ya kwanza. Meneja alizichana barua mwenyewe.

Mama Breki hakumpunguzia Turbo moto hata kidogo. Alimrudisha kwenye mashine, akampa kazi ngumu kuliko zote, akamsifia kwa jambo maalumu na kwa sauti ndogo, na akamlazimisha kwenda likizo kwa kumfungia spana zake kwenye droo. Mwaka mmoja Turbo alikuja "kupita tu" akiwa likizoni. Mlinzi alikuwa na maagizo: akampa kiti, akampa chai, akampandisha basi la kurudi kwa wanawe.

Jumanne iliyopita ukumbi ulikuwa umebakiza vitabu mia mbili kuvunja rekodi yake ya miaka yote. Turbo, ambaye Jumatatu ijayo anashika funguo, alibonyeza kitufe chekundu. Mashine zikasimama. Alikuwa ameona mstari mwembamba wa wino pembeni mwa ukurasa. Dakika saba. Mama Breki alikuwa amesimama mlangoni, akageuka, akaenda kuchemsha maji ya chai. Rekodi ilivunjwa saa tisa na nusu, bila mstari. Wakunjaji wameanza kumwita Turbo Breki, naye haonekani kukasirika.

Mama, asante kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa zile dakika saba ambazo tulikununia. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wasiokunja karatasi. Na ukijisikia "kupita tu" huku, mlinzi ameshapewa maagizo: kiti, chai, kisha basi la kurudi nyumbani.