Odessa Tolliver Banks na Shuka Ambalo Halikukunjwa

Kanisani kwetu wasifu wa marehemu husomwa kimya kimya, kila mtu na karatasi yake, kinanda kikipigwa polepole. Leo hapana. Dada yangu alinyamazishwa vya kutosha alipokuwa hai. Mimi Vernita, mdogo wake, nitausoma kwa sauti, na Mchungaji amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Odessa Mae Tolliver alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 katika wilaya ya Yazoo, Mississippi, mtoto wa kwanza wa Roosevelt na Lovie Tolliver. Mwaka 1952 familia ilihamia hapa Toledo, Ohio, baba alipopata kazi katika kiwanda cha vioo.

Alimaliza sekondari Juni 1964, lakini shule yake ya kwanza ilikuwa jikoni kwa mama, alikokaa chini ya meza akisikiliza wanawake wakinyooshana nywele kwa kitana cha moto. Pasaka ya mwaka 1955, watoto walipopanda mbele ya kanisa hili kukariri mashairi yao, Odessa aliliacha lake akaigiza yote ambayo Bi Earline alikuwa amesema jikoni kuhusu shemasi mkuu, mpaka na kikohozi cha Bi Earline mwenyewe. Bi Earline alisimama na kofia yake yote. "Lovie! Mkanye mwanao, ananianika!" Shemasi akasema, "Mwache amalize, Earline. Mimi ndiyo kwanza nayasikia." Hiyo ilikuwa tamthilia yake ya kwanza.

Septemba 1964 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja ya mjini, akafanya kazi huko miaka ishirini na saba. Aliandika wakati wa mapumziko, nyuma ya karatasi za orodha ya nguo. Wengi wenu hapa mmefanya kazi ile, mnajua shuka hukunjwa na watu wawili, kila mmoja na pembe zake mbili. Bi Hattie Crowder alikunja na binti yake, Ruby Nell, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Tarehe 12 Aprili 1973 mashine ya kupigia pasi mashuka ilimvuta Ruby Nell mkono, akafa. Kinga ya mashine ilikuwa imetolewa ili kazi iende haraka. Jumatatu yake Bi Hattie alirudishwa kazini, na mkubwa wa kazi akashuka kumpa pole, mkono mbele. Bi Hattie hakuupokea. Alichukua shuka, akashika pembe zake mbili, akasimama nalo. Zile mbili nyingine zikalala sakafuni. Alisimama hivyo mpaka yule bwana akaondoka.

Odessa alikuwa meza ya pili, akaona yote. Ilimchukua miaka kumi na mbili kuandika *Mashuka ya Jumatatu*, na tamthilia ile inaisha hivyo hivyo: mwanamke, shuka, pembe mbili chini.

Mwaka 1969 aliolewa na Cleophus Banks, dereva wa basi, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Alipenda kusema, "Mimi nimeoa mke mmoja na wanawake kumi na wawili wa kichwani mwake, na wote wananipigia kelele." Walijaliwa binti mmoja, Yolanda. Cleophus alitutangulia mwaka 2004.

Sasa nitasema lile ambalo baadhi yenu mliniomba niliruke. Mwaka 1988 jumba kubwa la maonyesho la hapa mjini liliichukua tamthilia ile. Mkurugenzi, Bwana Garrett Merriman, alimwambia mwandishi asije mazoezini wiki ya mwisho, apumzike. Ijumaa tarehe 7 Oktoba Odessa alikaa mstari wa nne, amevaa gauni jipya. Mwisho ukafika. Mkubwa wa kazi akainama, akaokota zile pembe mbili, akalikunja shuka pamoja na mama wa marehemu, na watu wakapiga makofi huku wakilia. Dada yangu alisimama akapaza sauti: "Halikukunjwa! Mimi nilikuwepo!"

Walimtoa nje. Bwana Merriman akamfuata huko nje. "Bi Odessa, watazamaji wanahitaji kitu cha kwenda nacho nyumbani."

"Basi waende na shuka," akamjibu.

Mkataba ulikataza kubadili hata neno. Haukumsaidia kitu. Kuanzia siku ile aliitwa mtu mgumu, na hakuna jumba lililompokea tena. Nina hasira na jambo hilo, na sioni haya kulisema mbele ya jeneza. Alichukua mchezo wake akauleta kwenye chumba cha chini cha kanisa hili, na kila Siku ya Wafanyakazi, kwa miaka thelathini, tuliuona kama alivyouandika, kisha tukala kuku.

Kiharusi kilimpata tarehe 2 Novemba 2022, kikachukua sauti na mkono wa kulia. Februari Bwana Merriman alikuja na maua, akamweleza kwamba wangependa kuuonyesha tena mchezo, na ule mwisho ambao watu waliupenda. Huku akiongea, akashika shuka la kitanda amwekee sawa. Odessa alilivuta likamtoka mkononi. Nilikuwepo. Alifariki Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, akiwa na miaka sabini na saba.

Wiki hii tumesoma gazetini kwamba aliupa mwisho ule baraka zake kitandani. Ni uongo. Haki za tamthilia anazo Yolanda, na barua yake ya kukataa ilipelekwa Jumatano. Salamu za jumba la maonyesho tumeziondoa kwenye ratiba.

Ameacha binti, Yolanda; wajukuu wawili, Imani na Darnell; mdogo wake, mimi; na wanawake wanne wa chumba cha kufulia, walioketi mstari wa mbele.

Jeneza limefunikwa shuka jeupe, kama alivyotaka. Sasa nitalitoa shuka hilo. Pembe mbili nitashika mimi, mbili zitalala chini, naye apumzike akijua hivyo.

Bwana Merriman, nakuona kule nyuma. Tafadhali usinyanyuke.