Alicheka Kabla ya Kutazama

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Filimbi. Ndiyo, yule mwalimu wa michezo aliyezikwa Jumamosi. Filimbi yenyewe, iliyompa jina hilo, haikutoka shingoni mwake tangu ujana. Hata sokoni alikwenda nayo, wauza nyanya wakimtania, "Mwalimu, na sisi leo utatukimbiza?"

Ukali alikuwa nao, usiseme. Kijana asiyetaka kukimbia, kwake alikuwa mvivu tu, basi. Na timu aligawa kwa mtindo wake: manahodha wawili mbele, wengine wote wamesimama ukutani, wanachaguliwa mmoja mmoja. Wewe njoo, wewe njoo, mpaka abaki wa mwisho. Filimbi aliamini wa mwisho akiona haya, wiki ijayo atajitahidi. Kumbe wiki ijayo mtoto anaumwa tumbo. Na ile nyingine pia.

Kisha binti yake akahamia shule aliyokuwa akifundisha. Mnene kidogo, miguu mizito, lakini nyumbani hakuna aliyemshinda kwa vichekesho. Siku ya kwanza ya michezo, Filimbi alikuwa ameinama, anajaza mpira upepo. Akamsikia nahodha mmoja: "Huyo mchukueni nyinyi." Wa pili akajibu, "Thubutu! Mchukueni nyinyi, tutawaongezea na goli la bure."

Filimbi akacheka. Alicheka kwa sauti, wasikilizaji, kama alivyowacheka watoto wa wenzake miaka nenda miaka rudi. Ndipo akainua uso. Ukutani amebaki mwanawe peke yake, anavuta fulana ishuke ifunike tumbo.

Mjane wake anasimulia: "Jioni alikaa jikoni, hata viatu hajavua. Mtoto akaja akasimama mlangoni. Akasema, 'Baba, ulicheka.' Mume wangu alitamani ardhi ipasuke immeze."

Alicheka. Hilo ndilo lililomtafuna mpaka mwisho wa maisha yake.

Wiki iliyofuata aliivua filimbi, akaketi sakafuni na wanafunzi. "Jamani, kwa nini hampendi mazoezi?" Wakatazamana. Mmoja akajitoa mhanga: "Mwalimu, mazoezi tunayapenda. Kutazamwa ndiko tusikokutaka." Mwingine akasema angecheza, ilimradi awe na rafiki yake. Wa tatu alitaka muziki. Ni hayo tu! Na miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

Tangu hapo kuchaguana kukaisha. Mapazia ya ukumbi yakashushwa, redio ikawekwa juu ya kiti, kila mtu na mwenzake. Waliokuwa wakiumwa matumbo wakapona wote bila daktari. Binti naye akaruka na miguu yake ile ile mizito, anahema huku anacheka. Lakini baba akisifiwa, aliinamisha kichwa. Mara ngapi alitaka kumwomba mwanawe msamaha, akaishia kumuuliza habari za masomo! Amekufa hajamwomba.

Sasa Jumamosi. Jeneza liko uani. Mdogo wa marehemu akaanza kuita wabebaji, wale wenye misuli: "Wewe njoo. Wewe njoo." Waliobaki wakarudi nyuma ukutani. Ni wanafunzi wa zamani wa marehemu, wengine wamenenepa, mmoja anachechemea. Binti, ambaye sasa ni mama wa watoto, akajitokeza macho mekundu. "Baba mdogo, samahani. Hapa hatuchaguani."

Baba mdogo akatazama chini kwa aibu. Jeneza likabebwa kwa zamu, kila mtu akaweka bega. Binti alitangulia, akasikika akisema, "Baba, mimi nilishasahau."

Tulipomuuliza kama ni kweli, alitikisa kichwa. "Sijasahau. Lakini ningemwambia nini mtu aliyeona aibu kiasi kile?"

Kwako mama mjane, kwako binti, kwako baba mdogo na ukoo mzima: poleni sana. Mola ampumzishe mwalimu wetu.

Na wewe mzazi, wewe mwalimu, unayemwita mtoto mvivu, je, umewahi kumuuliza? Na kama kuna siku ulimcheka, usitusikilize sisi tena. Zima redio, umfuate alipo.