Mzee Wechuli Akabidhi Mnyororo

Mzee Enos Wechuli alistaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja kwenye feri yetu ya Luanda Kotieno kwenda Mbita. Aliajiriwa kufunga kamba. Baadaye akakabidhiwa mnyororo wa getini, na kazi yake ikawa kupanga magari na abiria. Mnyororo ukishafungwa, feri imejaa, na hapo hakuna maneno tena.

Dholuo, lugha ya Wajaluo, alijifunzia hapa ufuoni, lakini lafudhi ya kwao Bungoma haikumtoka. Wauza samaki walimwiga mbele yake, naye akacheka kuwashinda. Kofia yake nyekundu ya sufu aliivaa hata kwenye jua la saa nane. Ofisi ilipomletea kofia rasmi alishukuru kwa adabu, kisha akaivaa juu ya ile ya sufu.

Sisi wengine tuligombania zamu, viti, hata sukari ya chai. Mzee alichukua kikombe chake akaenda kukalia tairi kuukuu kando ya geti. Wako waliodhani ni mwoga, mpaka ilipofika siku ya harusi.

Siku hiyo msafara ulikuta mnyororo umefungwa, gari la bibi harusi likabaki nje. Simu zikapigwa. Meneja wa wakati ule akaamuru gari lipandishwe. Mzee akasimama kwenye mnyororo, akasema gari halipandi mpaka lingine lishuke. Alitukanwa yeye, akatukaniwa na mama yake, na hilo hakulijibu kabisa. Mwishowe bibi harusi akashuka, akakusanya gauni lake akapanda kwa miguu, maana nafasi ya mtu ilikuwepo. Akina mama walimwimbia hadi Mbita.

Mzee alisimamishwa kazi mwezi mzima. Celestine wa chama cha wafanyakazi alitaka kupeleka kesi mbele, lakini Mzee akasema gari halikupanda, basi yameisha. Akaenda kwake kupalilia njugu. Mimi ningewasha moto.

Mwaka jana alipewa Metrine Nasike amfundishe. Metrine ni hodari, ila aligombana na makondakta, wachuuzi na hata mbuzi wa abiria. Mzee hakuficha wasiwasi wake kwamba binti huyu angekuwa ameshachoka kabla ugomvi wenye maana haujafika, na basi nani angeshika mnyororo? Kutwa tulimsikia akimwambia, “Hiyo wacha iende, mama. Chunga nguvu.”

Siku yake ya mwisho tulimwandalia chakula Mbita. Alikataa kupitishwa mbele kama mgeni wa heshima. Alipanga foleni amevaa suti na kofia ya sufu. Ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wengi. Alipofika getini, Metrine akaangalia ndani, akaangalia nje, akafunga mnyororo mbele ya kifua cha mwalimu wake.

Tuliokuwa ndani tulipiga kelele kwamba huyo ni Mzee! Mkubwa mmoja wa ofisi akamwita Metrine kwa ukali. Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini mkono wake haukulegea, na yule msichana wa kugombana na mbuzi hakumjibu mtu hata neno. Mzee akauvuta mnyororo kidogo, akaona umekaza, akaenda kukalia tairi lake. Nilimwona akitabasamu mpaka feri ikawa mbali, na sioni haya kusema nililia.

Alifika na feri iliyofuata, kuku ameshapoa. Tulipomwomba hotuba alisimama, akavua kofia, akasema, “Mnyororo iko na mwenyewe. Sasa naweza kwenda nyumbani.” Kisha akaketi akaomba ugali.

Asante, Mzee Wechuli. Tunakuombea afya, njugu za kutosha na majirani wa kucheka nao. Ukitaka kututembelea karibu sana, lakini wahi mapema. Metrine hatakupitisha.