Mpimaji Donatus Mabula, na Jibu Tulilolisubiri Kabla ya Kumzika

Ndugu waombolezaji, Donatus Mabula alizaliwa Ushetu, Kahama, tarehe 14 Agosti 1938, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1957 akawa mpimaji wa pamba wa chama cha ushirika, kazi aliyoifanya hadi vyama vilipovunjwa mwaka 1976. Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa kanisani na Nyamizi, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Limi.

Mwaka 1980 alihamia machimbo ya Geita na familia yake, akapima dhahabu, na huko, shinikizo la damu lilipomwanza mwaka 1984, alipewa vidonge vya moyo viitwavyo propranolol. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, wachimbaji wakimtania kwamba mzani wa mzee una homa, naye alipogundua kwamba vidonge vile hutuliza na mkono, akawa anaongeza kila siku ya kupima, mkewe akimsihi aache, yeye akijibu kwamba mpimaji anayetetemeka huitwa mwizi.

Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1986 alikunywa uji, akaenda kwenye mzani, akaanguka. Hospitalini mapigo ya moyo yalizidi kupungua, mwili ukapoa, madaktari wakahangaika naye hadi alasiri, akafariki.

Hapo maneno yakaanza kwamba mkewe alimtilia sumu kwenye uji, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na dawa ya wadudu wa pamba, na kaka yake, Maige, akataka Nyamizi aondoke kwenye mkeka wa wafiwa. Wengine walitaka tuzike upesi yaishe, lakini mama huyu hakuinuka, alisema tu: "Mpimeni, shemeji. Mkimzika hivi, mtakuwa mmenizika na mimi."

Damu, ini na vilivyokuwemo tumboni vikapelekwa maabara ya serikali, nasi tukakaa msibani tukitazamana kila sufuria ilipoletwa. Jibu limefika jana, tarehe 22: dawa ya pamba haikuonekana, propranolol imekutwa nyingi kupita kiasi cha tiba, na mabaki ya vidonge yalikuwa bado tumboni. Kama alikosea kuhesabu au alikuwa amechoka kuishi, kipimo hakisemi, wala familia haitamsemea. Maige ameomba radhi mbele ya watu, Nyamizi hajamjibu, na hatumharakishi, ila udongo wa kwanza leo atautia Nyamizi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika bila kuuliza, na wachimbaji waliombeba.

Donatus, pumzika kwa amani, mkeo amekaa mahali pake.